Vibarua Kwanza, Joka Baadaye: Gemu za Zamani za Vita na Uchawi

Ukitaka kujua kama gemu ya mkakati ina kichwa, usilitazame joka lake. Joka kila mtu anajua kulichora. Mtazame kibarua: yule mdogo wa kukata kuni na kuchimba dhahabu, anayeanza kazi sekunde ya kwanza na ambaye hajawahi kuwekwa kwenye picha ya kasha. Waliomfikiria huyo vizuri, mara nyingi na mengine waliyafikiria vizuri.

Nimeamua kuliandika hili kwa sababu mtu akiuliza kwenye grupu acheze gemu gani ya zamani, anatupiwa majina kumi kwa mkupuo bila hata sababu moja. Na kwa hapa Dar swali hilo halihusu kukumbuka utoto tu. Kompyuta nyingi za majumbani kwetu zilianza maisha kwenye ofisi za Ulaya, zikashuka Kariakoo bado zina stika ya namba ya mali, RAM ya giga nne na hazina kadi ya picha ya maana. Muuzaji anakwambia hii inapiga kila kitu, boss. Haipigi kila kitu. Ila gemu zilizotoka kati ya 1997 na 2006 inazipiga bila hata feni kulalamika. Warcraft III, nitakayoanza nayo hapa chini, ilipotoka iliomba prosesa ya megahezi 400 na RAM ya megabaiti 128 tu. Halafu nyingi zinachezeka bila intaneti, kwa hiyo bando lako linabaki kwa shughuli nyingine.

Kwa asiyezijua gemu hizi za mkakati: ni zile ambazo wewe na adui mnacheza kwa wakati mmoja, hakuna kusubiriana zamu. Unakusanya mali, unajenga, unaunda jeshi, unavamia, na mwenzako naye huko gizani anafanya yake. Za mizinga na vifaru tuziache leo. Nazungumzia zile za mazimwi, wachawi, miungu na wafu wasiotaka kulala.

Naanza na Warcraft III, maana kuanza kwingine kutakuwa ni ubishi tu. Blizzard waliitoa Julai 2002, na nyongeza yake, The Frozen Throne, ikafuata 2003. Habari za mashujaa wanaopanda ngazi hadi ya 10, na za Arthas, mwana wa mfalme anayeharibikiwa mbele ya macho yako, zimeimbwa vya kutosha. Kinachonirudisha mimi ni kwamba mataifa yake manne yametofautishwa kuanzia kwa kibarua.

Kwa Binadamu, kibarua ni mkulima wa kawaida. Ukipiga mwito pale makao makuu, anaacha kuni zake, anakimbia kuchukua silaha, na kwa sekunde 45 anakuwa mgambo (wa kulinda kijiji, huyu hakimbizani na machinga). Muda ukiisha anarudi kazini. Kwa Orc, yale majitu ya kijani, kibarua hatoki uwanjani kabisa. Vita vikimkuta anajifungia kwenye nyumba yao ya miiba na kurusha mikuki kutokea ndani. Upande wa wafu, waumini wao hawaingii mgodini. Wanauzunguka, wananuia, na dhahabu inakuja yenyewe. Kukata miti wameachiwa mazimwi walewale wanaotumika kama askari, kwa hiyo kila unapowapeleka vitani, mbao zimesimama. Na Night Elf, watu wa msituni, wana vimulimuli vinavyovuna mbao bila kuangusha mti hata mmoja. Hapo hujaona joka, hujaona uchawi wowote mkubwa, lakini tayari unacheza gemu nne tofauti.

Halafu kuna gharama ya kulisha jeshi. Katika The Frozen Throne, jeshi lako lisipozidi nafasi 50 za chakula, kila mzigo wa mgodini unahesabiwa dhahabu 10. Ukivuka 50, mzigo uleule unahesabiwa 7. Ukivuka 80, unapata 4. Maana yake, anayekaa na jeshi kubwa bila kulitumia anafilisika polepole huku akijiona tajiri. Kwenye intaneti kafe moja ya Sinza, mashine zimeunganishwa kwa waya uliopita chini ya zulia, kibodi zimefutika herufi, kulikuwa na kaka mmoja wa chuo aliyeielewa hesabu hiyo kuliko sisi wote. Alikuwa anachezea Orc na kubaki kwenye 50 kamili. Hakuwa na haraka. Mgodi mmoja unatosha vibarua watano, naye alijua hilo, basi alituma wapanda mbwamwitu wachache, wakawapita askari wako kama hawajawaona, wakachinja wale watano na kuondoka. Ukigeuza macho kutoka kwenye jeshi lako zuri, uchumi umekufa. Yeye anaagiza soda.

Nikwambie na la kukera. Ukiinunua Warcraft III rasmi leo unapewa Reforged, toleo la Januari 2020 lililopokelewa kwa hasira na mashabiki dunia nzima, na lenyewe linataka nafasi ya giga 30. Unaweza kurudisha michoro ya zamani humohumo ndani, lakini giga zimeshaondoka. Mwenye diski za zamani azitunze.

Kwenye kihariri cha ramani cha gemu hiyohiyo ndiko wachezaji walikoitengeneza DotA, ramani ya vita vya mashujaa watupu, na kwa njia hiyo tukapata League of Legends mwaka 2009 na Dota 2 mwaka 2013. Vijana wengi ninaokutana nao wameanzia kwa watoto wa ukoo huo, tena kwenye simu. Angalia basi walichokiondoa: vibarua wote. Kabaki shujaa peke yake na njia tatu za kupigania. Naelewa kwa nini imependwa, mechi inakwenda mbio na aibu ya kushindwa unaigawana na wenzako wanne. Mimi nilipoona hakuna wa kukata kuni, nilirudi nilikotoka.

Ya pili kwangu ni Battle Realms, na kama kompyuta yako ni dhaifu kuliko zote mtaani, ifanye ya kwanza. Ilitengenezwa na Liquid Entertainment, 2001, na wengi waliipita kwa sababu haikuwa na jina kubwa nyuma yake. Humo hakuna dhahabu. Kuna mpunga na maji, basi. Wakulima wanatoka wenyewe kwenye vibanda vyao bila kununuliwa, na kadiri watu wako wanavyoongezeka ndivyo wanavyochelewa kutoka. Sasa ujanja wake: askari hatengenezwi na jengo. Unamchukua mkulima aliyekuwa anavuna mpunga na kumwingiza chuo cha mapigano; anatoka na mkuki. Mwingine unampeleka kwa wapiga mishale. Mwingine kwa wataalamu wa baruti. Na yule aliyepita vyuo vyote vitatu, kwa ukoo wa Dragon, anatoka samurai.

Fikiria hesabu yake. Kila samurai uliyenaye ni mkono mmoja uliopungua shambani. Huwezi kusema jeshi ni jeshi na wananchi ni wananchi. Ni watu walewale. Nikiwa na wakulima wengi, jirani ananivamia. Nikiwapeleka wote vyuoni, hakuna mpunga wa kumlipia anayefuata. Sijaona gemu nyingine iliyolibana swali hilo vizuri namna hii kwa kitu kidogo hivyo. Na hadithi yenyewe inaanzia hapohapo: Kenji, mrithi aliyekuwa uhamishoni, anarudi na kuwakuta wanakijiji wanashambuliwa. Ukiwatetea, unaongoza Dragon. Ukiwamaliza, unaongoza Serpent. Njia mbili tofauti za kampeni, yaani misheni za hadithi, zimefunguliwa na jinsi ulivyowatendea wakulima kwenye dakika za mwanzo.

Kasoro zake zipo. Kompyuta ikiwa mpinzani haina akili nyingi ukishaizoea, na kampeni ina sehemu za kuvutavuta muda. Kuna toleo la Steam, duka la gemu la mtandaoni, lililoletwa 2019, Zen Edition, linalokwenda kwenye Windows za sasa bila kubembelezwa.

Age of Mythology huhitaji mimi kukusifia. Ensemble Studios waliitoa 2002 wakiwa tayari wamejijengea jina kwa Age of Empires. Nitakuonyesha kitu kimoja tu humo, namna ya kupata radhi za miungu. Wagiriki wanapeleka vibarua hekaluni kusali, na kila anayesali hachimbi. Wamisri wanajenga minara ya kumbukumbu, huku Farao wao akizunguka kusimama mbele ya jengo hili au lile ili kazi iende haraka. Yaani mkuu wa nchi ni msimamizi wa saiti. Watu wa Kaskazini, wale wa Odin na Thor, wanazipata kwa kupigana, na kwao majengo yanajengwa na askari wa miguu. Wavunaji wanavuna tu, na mkokoteni wa ng'ombe unawafuata kupokea mzigo. Tabaka tatu za jamii zimepangwa upya mara tatu, na hakuna aliyekusomea somo.

Kampeni inamfuata Arkantos, amiri wa Atlantis, na sehemu ya kati inashuka Misri kuvisaka vipande vya mwili wa Osiris. Ni moja ya gemu chache za enzi hizo ambazo Afrika imo kwa miungu yake, haikuwekwa kama jangwa la kupita. Katika gemu ya asili kila nguvu ya mungu inatumika mara moja tu kwa mchezo mzima. Radi ya Zeus unayo moja. Unakaa nayo, unaitunza, kisha unaona kiumbe kikubwa cha adui kinapanda mlima na mkono unawasha. Toleo jipya la Retold, la Septemba 2024, limeruhusu kuzirudia kwa kulipia radhi, na nadhani limepunguza utamu. Hata hivyo, mashine ya mtumba hailiwezi, kwa hiyo ubishi huo hautuhusu sana.

Dungeon Keeper wengine watasema siyo jamii hii. Mimi naiweka. Bullfrog, 1997, na mzee wake ni Peter Molyneux. Wewe ndiye mwovu: unachimba mapango, unafuga viumbe vya kutisha, unasubiri mashujaa wema waje kuuawa. Vibarua ni vijishetani vidogo visivyolipwa wala kulala, na ukiona vinazembea unavizaba kofi kwa mkono mkubwa ulio kwenye skrini. Vinaongeza kasi, afya inapungua. Lakini wale viumbe wakubwa wana siku ya mshahara. Siku hiyo wanaacha kila kitu na kufuata chao kwenye chumba cha hazina, na hazina ikiwa tupu wananuna, wanagombana, wengine wanafungasha na kuondoka zao. Nimewahi kumwona mtu mzima, mhasibu wa kazi yake, akichimba dhahabu kwa jasho usiku kucha ili tu mishahara ya mashetani wake isichelewe. Alisema ni mazoezi.

Kutoka hapo kwenda Majesty, ya Cyberlore, 2000, ni hatua fupi, na hii ndiyo ninayoipenda kuliko ninavyoweza kuitetea. Wewe ni mfalme, na mashujaa hawakusikilizi. Kweli kabisa: humchagui shujaa ukamwambia nenda kule. Unajenga chama cha wapiganaji, chama cha wezi, hekalu la hawa au la wale, wanajiunga, kisha wanaamka na kufanya wanachotaka. Ukitaka pango fulani lisafishwe unasimika bendera na kutaja dau. Wezi watakimbilia hata dau dogo. Wapiganaji watapima. Mchawi mchanga wa ngazi ya kwanza atajipeleka mwenyewe mbele ya zimwi na kufa kabla hujamaliza kusoma jina lake. Wale wanaorudi hai wanatumia pesa yao sokoni na kwa mhunzi, na mtoza ushuru wako anapita nyumba kwa nyumba kuikusanya na kuirudisha ikulu, endapo hatauawa njiani.

Nyumba za raia zinaota zenyewe popote zinapopenda, katikati ya mpango wako mzuri wa mji, bila kukuomba kibali. Mji ukikua, mifereji ya majitaka nayo inajitokeza na panya wakubwa wanaanza kutoka humo, na makaburi vilevile, na huwezi kuvibomoa. Yeyote aliyeishi Manzese au Tandale hahitaji kuelezwa jinsi gemu hii inavyofanya kazi. Ni Wizara ya Ardhi yenye mapanga. Inauzwa pamoja na nyongeza yake ya Northern Expansion, ni nyepesi mno kwa mashine, na misheni moja unaimaliza kabla umeme haujakatika. Hilo la mwisho nalitaja kwa uzito wake: gemu hizi hifadhi mara kwa mara, laptopu yenye betri iliyochoka ni kompyuta ya mezani tu.

SpellForce: The Order of Dawn, ya Wajerumani wa Phenomic, 2003, naipitia haraka. Ni nusu mkakati, nusu safari ya shujaa mmoja, na vibarua wake wanaitwa kwa nguvu ya mawe ya kichawi. Wazo zuri, mazungumzo marefu kupita kiasi. Icheze ukiwa na likizo.

The Battle for Middle-earth ya EA, 2004, na ya pili ya 2006, gemu za hadithi ya The Lord of the Rings, watu wataniuliza nisipozitaja. Ni nzuri kutazama, na farasi wa Rohan wakivamia mstari wa maadui skrini inatetemeka. Ila mashamba yanatoa mali yenyewe bila mtu ndani, na katika ile ya kwanza askari wa kawaida wa Mordor hawana hata gharama, unawamwaga tu. Kwa kipimo changu zinafeli, na naona ndiyo maana nachoka nazo mapema. Tena hazipo madukani: leseni ilikwisha, seva zilizimwa mwisho wa 2010, na hakuna duka la mtandaoni linaloziuza.

Kuhusu kuzipata hizi nyingine. Diski za zamani, hata zile halali zilizokaa kabatini kwa mjomba, zina mtego: nyingi za miaka hiyo zilifungwa kwa ulinzi ulioitwa SafeDisc, na tangu Windows 10 Microsoft waliukataa. Gemu inasimikwa vizuri, ukibofya haiwaki, na unaanza kumlaumu fundi wa watu. Njia rahisi kwa baadhi yake ni GOG, duka la Wapolandi lililoanza 2008, ambalo huzisafisha gemu za zamani ziende kwenye Windows mpya na kukupa faili unayoweza kuitunza kwenye flashi bila kuomba ruhusa ya intaneti kila unapoiwasha. Wakati wa punguzo nyingi zinashuka hadi dola chache, na kadi ya mtandaoni ya kwenye simu inalipa. Vuta usiku kwa bando la usiku, na mpe mwenzako asiye na laini nzuri nafasi ya kuja kucheza kwako. Ukikutana na kijana anayeuza flashi yenye gemu 200, jua kwamba mara nyingi umenunua virusi vyenye majina ya gemu.

Nimebakiza moja, na hiyo inakivunja kipimo changu chote. Myth: The Fallen Lords, 1997, ni ya Bungie, kabla hawajaitengeneza Halo, gemu yao maarufu ya risasi. Haina kibarua hata mmoja. Hakuna mgodi, hakuna nyumba ya kujenga, hakuna wa kuongeza. Unapewa watu wachache mwanzoni mwa misheni, askari wa panga, wapiga upinde, mbilikimo wawili wa kurusha chupa za moto, na mbele yako wafu wanakuja kwa mamia. Aliyekufa amekufa. Aliyepona anaingia misheni inayofuata na jina lake na idadi ya aliowaua, naye anakuwa hodari zaidi, kwa hiyo baada ya misheni tatu nne unamjua mpiga upinde fulani kwa jina na kumficha nyuma kama mtoto wa mwisho.

Ile ya pili, Myth II: Soulblighter, ya 1998, ni bora kwa kuicheza leo kwa sababu mashabiki wameendelea kuirekebisha kwa mashine mpya, japo ilianza vibaya: Bungie waligundua kwamba programu ya kuiondoa ingeweza kufuta diski nzima ya mtumiaji, wakazirudisha nakala kabla hazijasambaa, kwa hasara kubwa. Katika zote mbili ardhi ndiyo silaha. Panda mlima, kwa sababu mshale wa kutoka juu unafika mbali. Waweke wale wa panga mbele, acha nafasi, na mbilikimo mweke kando mbali na wenzako, maana chupa yake ikiteleza mtelemko haiulizi ni ya nani. Na kabla hujampa amri ya kurusha, tazama hali ya hewa. Kwenye mvua au theluji utambi unazimika, chupa inaanguka kimya miguuni kwa adui, na mbilikimo wako amesimama pale peke yake hana kitu mkononi.